Sanda ya Fyuzi

Fyuzi ilifariki Jumatatu asubuhi katika mteremko wa Ambanidia, ikiwa kazini. Haikuacha wosia. Ndani ya teksi hakuna aliyejua kwamba msiba umetokea. Ratsimba, dereva, alikuwa ameinama mbele akiongoza usukani kwa ncha za vidole. Pembeni yake abiria, mama mwenye kofia pana na manukato mengi, alikuwa akisimulia maradhi ya nyongo yake bila kuruka sura hata moja. Nyuma alikaa Bakoly, mke wa dereva, amekumbatia furushi la aproni za shule alizokuwa anazipeleka kwa mwenye oda kabla shule hazijafunguliwa.

Injini ilikuwa imezimwa. Hilo lisimshangaze mtu. Dereva wa Antananarivo anayeshuka kilima huku injini ikiunguruma hutazamwa kama mtu anayemwaga wali mtoni. Na katika madereva wote wa teksi kuukuu za rangi ya krimu, Ratsimba ndiye aliyekuwa mfalme wa kuteleza. Wenzake walimwita Kimya, kwa kuwa gari lake lilishuka vilima kama paka anayetoka jikoni na kipande cha nyama. Petroli yake aliiweka katika chupa ya plastiki katikati ya miguu yake, na mpira mwembamba ukaipeleka mpaka kwenye injini. Tangi halisi lilikuwa nyuma, tupu, kwa sababu petroli ya tangini huonekana na wezi peke yao, lakini ya chupani humwona mwenyewe, na mwenyewe huiona kila inapopungua. Aliijua funda kwa funda.

Chini ya mteremko askari wa barabarani alinyoosha mkono wenye glavu nyeupe.

"Kanyaga breki, bwana," alisema, akizunguka nyuma ya gari.

"Nimekanyaga, mheshimiwa."

"Kanyaga kama mtu aliyekunywa chai."

Ratsimba alikanyaga kwa mguu, kwa goti na kwa uso. Taa za nyuma zilimtazama askari kwa macho makavu. Hapo Ratsimba akashuka, akafungua boneti, akachomoa pakiti ya sigara mfukoni, akachana ile karatasi yake ya ndani, ya rangi ya fedha. Alikitoa kile kifyuzi kilichoungua, akakiviringishia karatasi mpaka kikang'aa kama jino la tajiri, akakirudisha mahali pake.

"Tazama sasa, mheshimiwa!"

Taa ziliwaka. Ziliwaka vizuri hata Bakoly, aliyekuwa ameshuka na furushi lake, akaona aibu badala ya fahari.

"Zimewaka kwa karatasi ya sigara," alisema askari. Alikuwa ameshakunja hati za gari na kuzitia mfukoni. "Ijumaa, uwanja wa ukaguzi. Taa za breki ziwake kwa fyuzi ya kweli. Na gari liwake kwa ufunguo, si kwa kusukumwa na ukoo mzima. Visipowaka, kibali chako cha teksi kinarudi manispaa. Kuna watu wanakisubiri tangu wanangu hawajaota meno."

"Mheshimiwa, kibali hicho ndicho sahani yetu."

"Basi kioshe."

Mama mwenye kofia alishuka bila haraka. "Mimi nilipatana na wewe mpaka Analakely," alisema. "Sikukodi gari linilete mahakamani." Alitoa noti moja iliyokunjamana, nusu ya nauli, akaiweka juu ya boneti kama anayemwekea ombaomba, akaenda zake akitingisha mkoba. Upepo uliichukua ile noti. Bakoly alimwona mumewe, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akiikimbiza barabarani kati ya magari, akaikanyaga kwa kandambili, akainama kuiokota. Askari naye aliona. Aligeuza uso, na huko kugeuza uso kuliuma kuliko kama angecheka.

*

Walikuwa wanapanda kurudi nyumbani, injini ikiwa hai kwa sababu hakuna kilima kinachopandwa kimya, Bakoly alipohisi harufu. Ilikuwa kama mtu amesahau kitana cha plastiki juu ya jiko la mkaa.

"Baba Mialy, kuna kitu kinaungua."

"Ni lori lile la mbele."

"Lori lile limekata kona. Harufu imebaki na sisi."

Moshi mwembamba ulijitokeza pale chini, juu ya kanyagio, ukapinda, ukaishukia chupa ya petroli kama unaisalimu. Ratsimba alivuta breki ya mkono, akaichomoa chupa, akaikumbatia na kuruka nayo nje mpaka ukingo wa pili wa barabara. Kwa maneno mengine, aliokoa kwanza kile alichokipenda. Bakoly alifungua boneti. Alichomoa aproni moja kwenye furushi, akajiviringisha mkono, akakamata kile kifyuzi chenye karatasi na kuking'oa. Moshi ulikatika. Aproni ilibaki na tundu la kahawia pale kifuani, mahali mama angeshona jina la mtoto.

Walisimama hapo, yeye na aproni yake, mume na chupa yake, barabara ikipita katikati yao.

"Si kitu," Ratsimba alisema kutoka ng'ambo. "Waya imepata joto tu."

"Mialy hukaa kiti cha mbele kila asubuhi ukimpeleka shule," Bakoly alisema. Hakupandisha sauti. "Miguu yake inaning'inia kando ya hiyo chupa."

Ratsimba alifunga kizibo cha chupa vizuri zaidi ingawa kilikuwa kimeshafungwa. Gari lilirudishwa nyumbani kwa kusukumwa, na kila aliyesaidia kusukuma aliuliza swali lile lile, na Ratsimba akalijibu kila mara kwa jibu jingine.

*

Uani mwao kesi ilisikilizwa mbele ya watu wawili wenye mamlaka.

Wa kwanza alikuwa Nenibe, mama yake Ratsimba, ambaye hakuwahi kutoka nje bila kujitanda shuka lake jeupe begani, hata kama anakwenda kumwaga maji ya kuoshea vyombo. Alilizunguka gari akinusa.

"Limebeba nguruwe," alitoa hukumu.

"Mama, hizi ni fyuzi."

"Nimeuliza kuhusu nguruwe. Gari hili halipendi nguruwe tangu baba yako alipolinunua. Lilibeba au halikubeba?"

Ratsimba alijikuna shingo. "Abiria mmoja alikuwa na bakuli la kisamvu. Nyama ilikuwa chini, sikuiona."

"Hukuiona, lakini uliinusa."

"Niliinusa," Ratsimba alikiri.

Nenibe alionyeshwa pia kile kifyuzi kilichovishwa karatasi. Alikishika kwa vidole viwili, akakitazama kwa muda mrefu kwa huzuni ya kweli. "Hata sisi tunawatoa wafu wetu kaburini na kuwavisha sanda mpya," alisema. "Tunacheza nao, tunawapa salamu. Kisha tunawarudisha kaburini, mwanangu. Hatuwarudishi kazini."

Mwenye mamlaka wa pili alikuwa Dolin, fundi wa umeme wa magari, aliyevaa miwani ya jua chini ya mawingu na kubeba bisibisi za rangi zote katika mfuko wa shati kama nishani. Alichungulia chini ya boneti, akavuta pumzi kupitia meno, akafunga boneti polepole, jinsi daktari anavyomfunika mgonjwa uso.

"Waya zote," alisema. "Kutoka pua mpaka mkia. Zimezeeka. Nitazing'oa na kuweka mpya."

"Kwa bei gani?" Ratsimba aliuliza.

Dolin alitaja idadi ya ariari ambayo ilimfanya Nenibe akae chini. Kisha akavua miwani, na macho yake yakapita mlangoni, yakaingia chumbani, yakatua juu ya cherehani ya Bakoly.

"Lakini sisi ni ndugu," alisema. "Sitaki pesa taslimu. Mke wangu naye anapenda kushona. Alhamisi mchana nitakuja na mkokoteni. Mkokoteni ukienda na cherehani, mimi nabaki na gari, na Ijumaa mnakwenda kwenye ukaguzi kama bwana na bibi harusi."

Ratsimba alipangusa boneti kwa kiganja, pale pale palipokuwa safi.

"Shemeji Dolin," Bakoly alisema, "nikuulize kitu kimoja. Fyuzi inaungua kwa nini?"

"Kwa sababu ni dhaifu, shemeji. Tutaweka nene zaidi."

"Na fyuzi nene ikikataa kuungua, kitaungua nini?"

Dolin alicheka, akampiga Ratsimba bega. "Mkeo ana maswali kama mkaguzi wa kodi! Alhamisi, ndugu yangu."

Alipokwisha kuondoka, mume na mke walibaki uani wakiyagawana yale yaliyobaki, yaani lawama.

"Ile cherehani ni miaka yangu ya kiwandani," Bakoly alisema. "Kila skrubu yake ni shati nililowashonea watu nisiowajua."

"Najua. Unafikiri sijui? Lakini kibali kikienda, gari ni banda la kuku. Utashona aproni ngapi kutulisha wote?"

"Usipotazama kinachoua fyuzi, Dolin atazing'oa waya, atapachika mpya mahali pale pale, na ugonjwa utabaki unazisubiri."

"Wewe umekuwa fundi lini?"

"Sijawa. Lakini nina siku mpaka Alhamisi."

*

Jumatano Ratsimba alikwenda kwa miguu kwa binamu yake, karani, kumwomba amjulie kama askari yule ana mjomba au shangazi anayeweza kuombwa. Bakoly alikwenda Andravoahangy kwenye mabanda ya vipuri. Alirudi na fyuzi mpya chache na balbu moja ya gari iliyounganishwa na vipande viwili vya waya. Hicho ndicho kifaa alichokumbuka. Kiwandani, mashine ya mstari wao ilipokuwa ikiunguza fyuzi, fundi wa pale hakubadilisha fyuzi tena na tena mpaka wachoke wote wawili, yeye na mashine. Aliitoa, akaweka balbu mahali pake, kisha akaanza kusogeza waya kwa kijiti, inchi kwa inchi, akipiga mluzi. Umeme ukienda njia yake, balbu ililala. Waya ikigusa chuma mahali pasipostahili, balbu ilifumbua macho na kusema: hapa hapa. Wanawake wa mstari mzima walikuwa wanasahau kushona wakiitazama.

Tatizo lilikuwa mtu wa kukanyaga breki. Nyumbani alikuwepo mmoja tu.

"Mimi?" alisema Nenibe.

"Kukanyaga na kuachia tu, mama."

"Sijawahi kuendesha gari."

"Halitakwenda popote."

"Ndivyo wanavyosema wote." Lakini alijitanda shuka lake upya, akaketi kwenye kiti cha dereva, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani na kutazama mbele kwa ukali kiasi kwamba jirani aliyekuwa anapita na ndoo alisogea pembeni.

Bakoly alitoa fyuzi, akashika balbu mahali pake. Balbu ililala.

"Kanyaga, mama!"

Balbu iliwaka kwa unyonge, kama mshumaa wa kanisa maskini. Hivyo ndivyo ilivyopaswa, maana umeme ulikuwa umegawana nguvu na taa za nyuma.

"Achia!"

Ikalala. Bakoly alianza kusogeza waya za upande wa injini kwa mwiko wa wali. Alisogeza, akatazama. Hakuna kitu. Alifuata kila waya mpaka inapotokea na mpaka inapopotelea. Mkono ulianza kumuuma. Kwa muda mrefu hapakuwa na lolote isipokuwa sauti ya Nenibe, aliyekuwa akieleza ndani ya gari jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akiendesha, akisimama kila daraja kumsalimu mto.

"Mama, tafadhali usitikisike."

"Nani anatikisika? Sina mahali pa kuweka miguu. Chupa ya mumeo inanuka, imekaa kama mfalme, na mimi..."

Balbu ililipuka kwa mwanga. Haikuwa ule unyonge wa mshumaa. Iling'aa nyeupe, Bakoly akafumba jicho moja.

"Mama! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu!"

"Umekanyaga breki?"

"Sijakanyaga chochote! Nimeisogeza tu hii chupa, na wewe umeanza kunipigia kelele kama mimi ndiye niliyeizaa."

Balbu ilikuwa imelala tena. Bakoly aliishika vizuri zaidi.

"Isogeze tena, mama. Polepole."

Nenibe aliisogeza chupa. Mpira wa petroli ulivutika, na balbu ikang'aa. Aliirudisha, balbu ikazimika. Wale wanawake wawili walitazamana pembeni ya boneti iliyoinuka, na polepole ule mzaha wote ukatoka usoni mwa bibi kizee.

"Toka ndani ya gari, mama," Bakoly alisema. "Shuka, taratibu."

Kabla ya kugusa kitu kingine alifungua nyaya za betri. Kisha aliitoa ile chupa, akaibeba mpaka mwisho wa ua, mbali na jiko. Ndipo alipolala chali chini ya usukani na kuona.

Katika lile bamba la chuma linalotenganisha injini na miguu ya dereva palikuwa na tundu la waya. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na pete ya mpira, ili ukingo wa chuma usizikwangue. Pete haikuwepo. Mtu alikuwa ameing'oa ili kupata nafasi ya kupitisha mpira wa petroli. Tangu siku hiyo waya na mpira wa petroli vilikuwa vimekaa shavu kwa shavu kwenye ukingo mkali, gari likitikisika, ukingo ukila. Waya ya breki ilikuwa imechubuka mpaka shaba ikaonekana, na kila ilipogusa bati, fyuzi ilijitoa mhanga. Na ule mpira, pale ulipoegemea waya, ulikuwa na doa jeusi, laini, lililoanza kuyeyuka.

Bakoly alibaki chali kwa muda. Alikuwa akiwaza juu ya vile vifyuzi vyote vilivyotupwa jalalani kwa matusi, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwa kimesema ukweli.

*

Dolin alifika Alhamisi na mkokoteni, nyuma yake Ratsimba, ambaye uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwenda kwa binamu na kurudi na salamu tu.

"Yuko wapi mgonjwa wetu?" Dolin alisema. "Na yako wapi malipo yetu?"

"Mgonjwa ni yule," Bakoly alisema. "Malipo yanashona."

Kweli, alikuwa ameketi mbele ya cherehani akimalizia aproni mpya badala ya ile iliyoungua. Alimaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno, akainuka. Alimpa mumewe tochi.

"Lala chini, Baba Mialy. Tazama tundu la waya."

"Shemeji amefungua karakana!" Dolin alichekelea. "Kesho atafungua hospitali."

Hakuna aliyecheka naye. Ratsimba alikuwa chini ya usukani, miguu nje, kandambili zikiwa zimeelekea mbinguni. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kuona tundu. Aliisogeza waya. Aliushika mpira, na kidole gumba chake kikazama katika lile doa laini.

"Pete ilikuwa ngumu kutoka," sauti yake ilisema kutoka chini. "Niliing'oa kwa kisu. Nilijisifu siku ile."

"Hata hivyo waya zote ni kuukuu," Dolin alisema, na kwa hilo hakukosea. "Hiki ni kiraka tu. Ukaguzi si mchezo, ndugu yangu. Nipakie au nisipakie?"

Ratsimba alitoka chini ya gari. Mgongo wake ulikuwa na vumbi, na hakulipangusa. Alimtazama Dolin, akaitazama cherehani, akaitazama ile chupa iliyokaa peke yake mwisho wa ua kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Kisha akainama, akavua kandambili ya mguu wa kulia na kumpa mkewe.

"Mpira wake ni mzito," alisema. "Kata pete hapa kwenye kisigino."

Dolin aliondoka na mkokoteni mtupu, ambao kwenye mawe ya uchochoro ule hupiga kelele kuliko ukiwa na mzigo. Bakoly alikata pete kwa mkasi wa kushonea. Walifunga waya kwa utepe wa umeme, wakairudisha ndani ya pete, wakaweka fyuzi mpya isiyo na sanda. Mpira wa petroli ulikatwa, na tangi la nyuma, lililokuwa likizoni kwa miaka, likarudishwa kazini. Nenibe alikanyaga breki bila kuombwa, taa zikawaka, naye akapiga honi kwa furaha. Kumbe honi nayo ilikuwa nzima.

Lilibaki jambo la pili, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Askari alisema liwake kwa ufunguo," Bakoly alisema.

"Betri mbovu."

"Betri haina ubovu, ina njaa. Anayeilisha ni injini. Wewe unaizima kila mteremko, unashuka umekanyaga breki, taa zinakula, hakuna anayerudisha. Halafu unashangaa asubuhi inakosa nguvu ya kuinua kichwa."

"Unataka nishuke Ambanidia nikiunguruma?"

"Nataka ushuke Ambanidia ukiunguruma."

"Watu wataniona."

"Wakuone," Bakoly alisema. "Jumatatu walikuona ukifukuza noti."

Alijuta papo hapo kusema hivyo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Ratsimba aliingiza mguu katika ile kandambili yenye tundu, akaujaribu uzito wake, akaingia ndani.

*

Ijumaa majirani waliitwa kusukuma, na Bakoly akawaambia ni mara ya mwisho, nao wakacheka kwa kuwa walikuwa wamesikia ahadi hiyo hata siku ya Pasaka. Injini ilikohoa, ikashika. Bakoly alikaa nyuma na furushi lake, na Nenibe alikaa mbele bila kualikwa, shuka limenyooshwa.

Pale juu ya mteremko wa Ambanidia, mkono wa Ratsimba ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo, kama mkono wa mtu unavyokwenda kwenye kofia akipita mbele ya kanisa. Uliushika. Bakoly aliuona kupitia katikati ya viti. Vidole vilikaa pale mpaka gari likaanza kuinamisha pua, kisha vikafunguka kimoja kimoja na kurudi kwenye usukani.

Madereva wa kituo walisimama. Mmoja alitoa kijiti mdomoni.

"Kimya! Umesahau kuzima!"

"Amerithi!" mwingine alipaza sauti. "Nani amekufa, Kimya? Tuje kula?"

"Ni msafara wa waziri huo!"

Ratsimba alikaza shingo kama mtu anayepita uchi sokoni. Kila kona alitoa mguno mdogo, akihesabu matone anayoyaaga. Nenibe peke yake alijibu: aliinua mkono kwa wale madereva, polepole, kiganja ndani, kama malkia. Chini ya kilima Bakoly alimwambia mumewe azunguke njia ndefu, ya ziwani, ili betri ishibe vizuri, na Ratsimba akazunguka, akifumba macho kila alipoweza kufanya hivyo salama.

Uwanjani kwa mkaguzi palikuwa na mstari wa teksi, na madereva wote walikuwa nje wakizisukuma kwa mabega, hatua baada ya hatua, ili wasichome petroli bure. Teksi moja tu ilisogea ikiunguruma. Dereva wa mbele yao, mzee mwenye kofia ya ukindu, aligeuka akimtazama Ratsimba kwa chuki ya haki kabisa.

"Unachoma petroli ya nani, wewe?"

"Yangu," Ratsimba alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni na mafua. Alizunguka nyuma. "Breki." Taa ziliwaka. "Achia. Tena. Tena." Ziliwaka, zikazima, zikawaka. Alifungua boneti, akainama juu ya kijisanduku cha fyuzi, akaitazama kwa muda fyuzi iliyokuwa uchi, safi, ya kioo. Alipiga chafya.

"Sasa zima injini."

Ratsimba alizima. Uwanja ulikuwa na kelele nyingi, lakini ndani ya gari lile kikaingia kile kimya cha zamani, kile alichopewa kama jina, na kwa mara ya kwanza kilimtisha. Bakoly alikaza vidole kwenye furushi. Nenibe aliacha kupumua, au alijifanya.

"Washa. Kwa ufunguo."

Madereva waliokuwa wakisukuma walisimama kutazama. Walilijua gari lile. Mzee mwenye kofia ya ukindu alishaanza kukunja mikono ya shati ili akasaidie, kwa huruma.

Ratsimba aligeuza ufunguo. Stata ililia mara moja, nzito, kama mtu anayeamshwa. Kisha injini ikaunguruma.

Mkaguzi alikuwa ameshageuka akipiga muhuri juu ya boneti ya gari la jirani. Alirudisha hati alizoletewa na yule askari, pamoja na kibali, kupitia dirishani bila kumtazama mtu. "Ya nyuma isogee," alisema.

Bakoly alizipokea hati, akazitia katikati ya aproni, mahali pasipo na upepo. Ratsimba hakuondoka mara moja. Yule mzee mwenye kofia ya ukindu alikuwa ameliacha gari lake na kuja mpaka dirishani, akitazama huku na huko asije kusikika.

"Kimya," alinong'ona. "Langu nalo linakula fyuzi. Kila wiki. Umefanyaje?"

Ratsimba alivua kandambili ya mguu wa kulia, akaiinua mpaka usawa wa uso wake, akamtazama yule mzee kupitia tundu la kisigino.

"Muulize mke wangu," alisema. "Na uje na kandambili yako."